Mlango wa Maji wa Hishinoya

Barua ya Hisayo ilifika imelowa. Haikulowa kwa mvua, maana mji wa Kokura ulikuwa na siku tisa haujaona hata manyunyu, na barua nyingine zilizokuwamo kisandukuni, ya umeme na ya daktari wa meno, zilikuwa kavu kabisa. Tokie aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka jikoni na kuitandaza juu ya taulo. Ilinuka tope. Si tope la bustani. Tope la chini ya maji, lile linalokaa miaka bila kuona jua.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili na kifurushi.

"Shoga yangu," karatasi ya kwanza ilisema, "njoo. Wiki ijayo wanakausha mifereji, wageni hakuna, nyumba nzima itakuwa yetu. Njoo ukae siku tatu. Tutakula samaki mkunga, tutalala tukipiga soga kama zamani. Nimekukumbuka mpaka nalia."

Tokie aliisoma akiwa amesimama, mara tatu. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma na mtoto hawakujaliwa. Majira yale ya baridi kulikuwa na siku zilizopita bila yeye kuisikia hata sauti yake mwenyewe. Na Hisayo hakuwa rafiki wa kuokota njiani. Walipokuwa na miaka kumi na minane walikuwa makondakta wa basi mjini Omuta, wakilala chumba kimoja cha bweni la kampuni na kuvaa koti moja la baridi kwa zamu. Hisayo alipougua mapafu, Tokie alimlisha uji kwa kijiko siku arobaini. Baadaye Hisayo akaolewa Yanagawa, kwenye nyumba ya wageni ya kale iitwayo Hishinoya, yenye vyumba sita na ubaraza juu ya mfereji. Akarudi kwao Omuta kujifungua binti yake Nao, na mikono ya kwanza kumpokea yule mtoto ilikuwa ya Tokie. Lakini Hishinoya kwenyewe Tokie hakuwahi kukanyaga. Mama mkwe wa Hisayo alikuwa mkali, hakutaka mashoga wa mke wa mwanawe. Miaka yote hiyo walikutana hotelini, stesheni, kwenye chemchemi za maji moto. Mama mkwe alikuwa amekufa mwaka uliopita.

Karatasi ya pili ilikuwa maelekezo ya njia. "Usishukie Yanagawa. Shuka kituo kimoja kabla. Fuata mfereji, uwe mkono wako wa kushoto. Vuka madaraja matatu, usigeuke nyuma. Kwenye daraja la tatu nitakuita. Uitike. Kisha shuka ngazi za mawe, utembee ndani ya mfereji hadi mlango wa maji. Lango la mbele linatengenezwa."

Kwenye kifurushi kulikuwa na mpira mdogo wa nyuzi nyekundu na nyeupe, wa aina ile wanayoitundika Yanagawa pamoja na vinyago vya kitambaa mtoto wa kike anapozaliwa. "Uje nao kifuani," Hisayo aliandika pembeni, "ndani ya nguo. Usiuweke mkobani." Tokie aliutikisa. Ndani kulikuwa na kitu kinachogonga.

Alipiga simu.

"Shoga, hii njia mbona kama ya kwenda kuiba?" alisema akicheka.

Hisayo hakucheka. Nyuma yake Tokie alisikia maji yakidondoka, tone, kisha tone. "Ifuate tu kama ilivyo," Hisayo akanong'ona. "Mpira hujaupoteza?"

"Ninao."

"Basi njoo."

Alishuka kituo kimoja kabla ya Yanagawa saa sita na nusu mchana, mbingu nyeupe kama maziwa yaliyoharibika. Mfereji ulikuwa umekauka. Chini, ambako siku zote maji ya kijani hulala, kulikuwa na tope jeusi linalong'aa, na watu wa mtaa waliovaa mabuti marefu walikuwa humo wakizoa taka: baiskeli, sufuria, kiatu kimoja cha harusi. Mwanamke mmoja alinyanyua kambare juu ya kichwa chake akapiga kelele, na wenzake wakamzomea kwamba huyo ni mdogo, amrudishe kwa mama yake. Tokie alitabasamu. Kila mwaka mwezi wa pili ilikuwa hivyo, alikuwa amesimuliwa, na sasa alikuwa anayaona mwenyewe.

Alivuka daraja la kwanza. Kwenye daraja la pili mzee mmoja alikuwa amepindua mashua yake ya kutembeza wageni, anaisugua tumbo kwa brashi. Aliitwa Genzo, jina lilikuwa limeandikwa mgongoni mwa koti lake.

"Wiki hii mashua zote zimelala, dada," alisema. "Ukitaka kupanda, nitakubeba mgongoni. Ila nina miaka sabini na mbili, tukianguka tunaanguka wote."

"Asante mzee, nakwenda kwa miguu. Hishinoya ni mbali?"

"Hishinoya?" Genzo aliacha kusugua. "Mbona umeizunguka? Ungeshukia stesheni kubwa, dakika kumi na mbili, nyuma ya kiwanda cha mchuzi wa soya. Lango lake hata kipofu analiona."

"Lango linatengenezwa."

"Nani kasema? Nimepita asubuhi. Liko wazi na pazia jipya limetundikwa."

Tokie alihisi kitu kidogo kikimchoma chini ya mbavu. Alidhani ni wasiwasi, kumbe ni ule mpira, uliokuwa umeanza kupata ubaridi juu ya ngozi yake. "Nimeambiwa nipite mlango wa maji," alisema.

Genzo aliweka brashi chini. "Dada, mimi nimezaliwa juu ya mfereji huu. Mlango wa maji ni wa kuingizia mkaa na mboga. Mgeni hapitishwi huko. Rudi, upite mbele."

"Mwenye nyumba ni kama ndugu yangu."

"Sawa," alisema Genzo, akaokota brashi. "Mimi niko hapa mpaka jioni."

Baada ya hapo watu walipungua. Nyumba zilimpa migongo, madirisha yamefungwa, mierebi inaning'iniza matawi yasiyo na majani juu ya tope. Sauti za wazoa taka zilibaki nyuma, zikawa ndogo, zikakatika ghafla kama redio iliyozimwa. Alikuwa peke yake mchana kweupe, na bado alitembea kwa haraka ya mtu anayefuatwa.

Daraja la tatu lilikuwa la jiwe, fupi, limeota ukungu. Alipofika katikati akaitwa.

"Tokie!"

Ilikuwa sauti ya Hisayo, na alikuwa ameshafungua kinywa kabla hajatambua kilichokuwa na kasoro. Ilikuwa sauti ya Hisayo wa miaka kumi na minane, ile nyembamba na safi ya kondakta anayetangaza kituo mlangoni mwa basi, sauti ambayo Hisayo wa leo, mwenye miaka arobaini na nane na kifua kilichoharibiwa na sigara, hakuwa nayo tena.

"Abee!" aliitika.

Hakuna aliyemjibu. Kitu kama pumzi kilipita chini ya daraja, harufu ya barua ile ikapanda na kumjaa puani. Alishuka ngazi za mawe akishikilia ukuta, akakanyaga tope, na tope likamshika mguu hadi kwenye kifundo. Alipiga hatua, akasikia mguu wake ukichomoka kwa mlio wa kunyonya, akapiga ya pili, na ndipo alipogundua kwamba kila baada ya mlio wake kulikuwa na mlio mwingine, mdogo zaidi, wa mguu mtupu, unaochomoka kutoka kwenye shimo lile lile alimotoka yeye. Akasimama, nao ukasimama. Akaenda, nao ukaenda, ukikaribia kidogo kila mara, na kifuani mpira ulikuwa unalowa, maji baridi yakimchuruzika tumboni na kushuka mapajani, na alitaka kugeuka, shingo yake yote ilitaka kugeuka, lakini karatasi ilisema asigeuke na aliyeiandika alikuwa mtu aliyemwamini kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa hiyo akaendelea kutazama mbele, kwenye kile kimlango cha mbao nyeusi kilichokuwa kinafunguliwa polepole kutoka ndani.

Hisayo alisimama kizingitini. Alikuwa amekonda, nywele zimepauka. Hakumtazama Tokie usoni. Alitazama juu ya bega lake.

"Umeitika?" aliuliza.

"Nini?"

"Ulipoitwa. Uliitika?"

"Si wewe umeniita? Nimeitika, ndiyo. Hebu nipe mkono, shoga, miguu yangu imekuwa ya bata."

Hisayo hakumpa mkono. Alijibanza ukutani kumpisha, na Tokie alipokwisha kuingia, Hisayo aliendelea kujibanza pale pale kwa muda, kama anayempisha mtu wa pili. Kisha akafunga mlango na kushusha pumzi ndefu sana.

Chakula kilikuwa tayari, mkunga wa kupikwa kwa mvuke juu ya wali katika visanduku vya mbao. Hisayo alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Mashavu yake yalipata rangi. Alicheka, akazungumza habari za Omuta, za dereva aliyekuwa akiimba, za lile koti moja. Tokie alijaribu kucheka naye, lakini mkunga ulikuwa hauna ladha mdomoni, na ubaridi ulikuwa umemkaa mgongoni mahali pamoja, kati ya mabega, mkubwa kama kichwa cha mtu aliyelala. Juu ya dari palikuwa na doa la unyevu lenye ukubwa wa mkeka. Alilitazama. Lilikuwa linakauka, ukingo wake unarudi ndani taratibu. Aliposhusha macho, mkeka aliokalia yeye ulikuwa umelowa, na ulowevu ulikuwa unaenea. Hisayo aliuona. Akageuza uso upande wa dirisha.

"Kuna treni ya saa kumi na dakika tano," alisema.

"Treni ya nani?"

"Yako. Nimeona... hali ya hewa itabadilika. Bora uwahi."

"Hisayo. Umesema siku tatu."

Kabla Hisayo hajajibu, upande wa mbele wa nyumba kulisikika viatu vikivuliwa na sauti changamfu. "Mama! Nimefika mapema! Umeacha lango wazi hivyo, wezi je?" Nao, yule binti wa Hisayo, aliingia ameshika kiuno, tumbo la miezi tisa limemtangulia. Alipomwona Tokie alipiga yowe la furaha. "Mama mdogo! Mama hata hakuniambia uko hapa!" Akanyoosha mikono kumkumbatia.

"Usimguse!" Hisayo alipiga kelele. "Nao, usimguse! Toka nje!"

Nao aliganda. Tokie pia. Katika ukimya ule maji yalidondoka kutoka kwenye mkono wa nguo ya Tokie, tone, kisha tone, na aliitambua sauti ile.

Hisayo alimsukuma binti yake hadi chumba cha mbele, akarudi, akapiga magoti na kuweka paji la uso mkekani.

"Ni nini hiki, Hisayo?" Tokie aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nisamehe."

"Sijakuuliza hilo. Ni nini kilichoko mgongoni mwangu?"

Hisayo alinong'ona bila kuinua kichwa. "Ni wa nyumba hii. Mama mkwe aliishi naye. Alipokufa akaja kwangu. Analala miguuni pangu, Tokie, kila siku naamka godoro limelowa. Niliambiwa maji yakikaushwa hana pa kulala, hizo ndizo siku pekee anazoweza kuhamishwa. Ila aje mtu kwa njia aliyotokea yeye, na nywele zake, zile zilizomo mpirani, kifuani, aitwe, aitike. Na Nao anajifungua wiki hii. Angemhamia mtoto. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekuja?"

Tokie aliliwaza swali lile kwa haki, hata katika hali ile. Alidhani pengine angekuja. "Kwa nini mimi?" aliuliza. "Mji mzima huu."

"Nilifikiri... wewe huna mtu. Huna mume, huna mtoto wa kumrithisha. Ingeishia kwako."

"Nilikuwa na wewe," Tokie alisema.

Alichukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa mbele. Lango lilikuwa zima, la mbao nene za zamani, halina hata msumari uliolegea, na pazia jipya la buluu likipepea. Alipokuwa amefika barabarani alisikia nyuma yake kitu kikimwagika juu ya mawe, laini, kama mchanga. Alikijua. Hisayo alikuwa anamwaga chumvi nyayo zake zilipopita, kama wenyeji wanavyojitakasa wanaporudi kutoka mazikoni.

Genzo alimwona anakuja kwa mbali, analowanisha barabara. Alimpeleka kwa dada yake, Bi Sugi, mwanamke mfupi mwenye duka la achari ambaye watu walimwendea walipopatwa na mambo yasiyo ya hospitali. Bi Sugi aliupasua ule mpira kwa kisu cha figili. Ndani mlikuwa na nywele ndefu zilizoviringwa na jino moja. Alivichoma vyote kwenye sufuria, na moshi ukatoka mzito kama mvuke wa nguo mbichi.

Kisha alimketisha Tokie kati ya mabakuli ya chumvi, akasoma dua hadi sauti ikamkauka, akauliza: "We uliyekaa hapo, ni nani? Unataka nini?"

Kinywa kilichojibu kilikuwa cha Tokie, lakini yeye alikuwa mbali, anasikia kama mtu aliye kisimani.

"Naitwa Kinu. Mtumishi. Nilikuwa na mimba ya bwana mdogo wa nyumba. Mama mwenye nyumba akasema, toka na mlango wa maji, kaa ngazini, wageni wakiondoka nitakuita. Nikakaa. Maji yakapanda. Nikakaa. Sikuitwa."

Genzo aliinamisha kichwa. Bi Sugi alijifuta machozi kwa kiganja, kisha akasema kwa ukali, maana ndiyo kazi yake: "Huyu uliyempanda naye amedanganywa na nyumba hiyo hiyo. Mwachie."

"Nani ataniita?"

"Nitakusomea jina lako kila mwaka. Mwachie."

Bi Sugi alipumua. "Atashuka siku maji yanaporudishwa," alimwambia Tokie alipozinduka. "Siku tatu. Utasimama kwenye daraja la tatu. Ukisikia kuitwa, usiitike mpaka maji yafike ngazi ya pili. Usimwitikie mtu yeyote."

Siku tatu Tokie alikaa nyuma ya duka la achari, amefunikwa mablanketi manne, akitetemeka. Hisayo hakuja. Ni dakika kumi tu kwa miguu, na hakuja.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, wakafungua malango ya mto. Tokie alisimama darajani, Bi Sugi na kengele yake upande wa pili wa barabara. Maji yalikuja kwanza kama ulimi mwembamba juu ya tope, kisha yakajaa, yakibeba majani na povu, yakagusa ngazi ya kwanza.

"Tokie."

Safari hii haikuwa sauti ya msichana. Ilikuwa ya Hisayo wa leo, yenye mikwaruzo ya sigara, na ilitoka nyuma yake, karibu, mahali ambapo mtu angesimama.

"Shoga, nimekuja. Nimekuletea koti. Sikulala siku zote hizi. Nisamehe, Tokie, niitikie tu, hata kama hutanisamehe, niitikie nijue unanisikia."

Yalikuwa maneno yale yale aliyoyasubiri siku tatu kwenye mablanketi ya watu, moja baada ya jingine, kana kwamba yametolewa kifuani mwake yakapewa mdomo. Sauti ililia. Alikuwa na hakika ni yeye. Angeapa ni yeye. Alisikia hata ile kwikwi ndogo ambayo Hisayo huitoa akilia, na machozi yakamtoka Tokie mwenyewe. Onyo la Bi Sugi lilikuwa limemtoka kichwani kabisa. Kilichofunga mdomo wake kilikuwa kitu kingine: alikumbuka chumvi ikimwagika juu ya mawe, hasira ikampanda, akasema moyoni, lia, lia mpaka uchoke.

Maji yakafika ngazi ya pili. Uzito kati ya mabega yake uliteleza, ukashuka mgongoni, ukamtoka miguuni. Kitu kizito kikatumbukia majini bila kurusha tone.

Aligeuka. Daraja lilikuwa tupu.

Genzo alikuja akikimbia kutoka upande wa mji. "Imekwisha?"

"Hisayo amepita wapi?"

"Hisayo? Nimetoka kumwona sasa hivi Hishinoya. Yuko ukumbini anamkanda binti yake mgongo, uchungu umeanza."

Tokie alishika ukingo wa daraja. Na hapo wote wawili wakasikia, mbele kidogo, kwenye kona ambako mfereji unazunguka kuelekea ile nyumba, sauti ya mwanamke ikiita juu ya maji, tamu, yenye subira.

"Hisayo! Hisayo!"

Genzo alimtazama Tokie kwa woga. Ilikuwa sauti ya Tokie.

Tokie alikimbia hadi dukani. Simu ilikuwa ukutani juu ya mapipa ya achari. Alinyanyua mkono wa simu, akasimama nao. Hakuna aliyemwona isipokuwa Bi Sugi, aliyekuwa amemfuata na kusimama mlangoni. Angeweza kuurudisha mahali pake. Alijua kwamba angeweza, na muda aliokaa akilijua jambo hilo haukuwa mfupi. Kisha akapiga.

"Hishinoya." Hisayo alikuwa anahema.

"Ni mimi."

"Tokie? Lakini... nakusikia huku nje. Upande wa maji. Unaniita. Nilikuwa nashuka kukufungulia."

"Uliitika?"

"Bado."

"Usiitike. Na Nao asiitike, hata akiwa na uchungu, mzibe masikio. Ukinisikia nakuita, leo au miaka thelathini ijayo, ujue si mimi."

"Shoga yangu..."

"Mimi sitakuita tena," alisema Tokie, akakata simu.